Dian Fossey: mama aliyekaa chini akangoja magorila

Kwa kawaida tunawaandikia juu ya mashimo, mizani na bei ya koltani. Leo tunawaletea maisha ya mtu. Alikuwa Mmarekani, alikufa mwaka 1985, na jina lake linajulikana dunia nzima. Kazi yake ilikuwa kuchunguza tabia za nyama wa pori. Wengi wanafikiri kazi hiyo aliianzia Rwanda. Hapana. Aliianza hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, chini ya mlima Mikeno, na Kiswahili alichotumia na watu wa kazi yake alijifunza huku huku. Anaitwa Dian Fossey.

Juu ya nini tuwaletee habari hizi, ninyi ambao shida yenu ni kula na kusomesha watoto? Sababu iko rahisi. Sisi tunaoandika kutoka Mpofi, na wenzetu wote wa Masisi na Walikale, tunachimba ndani ya pori ambamo magorila wangali wanaishi. Gorila wetu si yule wa milima ya Virunga. Ni ndugu yake, mkubwa wa mwili, ambaye wachunguzi wanamwita gorila wa Grauer, na duniani kote hapatikani inchi nyingine isipokuwa Kongo. Tunaishi karibu naye kuliko profesa yeyote. Lakini kuishi karibu na mtu siyo kumjua.

Mtoto wa San Francisco

Dian Fossey alizaliwa tarehe 16 mwezi wa kwanza 1932 huko San Francisco, Marekani. Wazazi wake waliachana angali mtoto mdogo. Mama yake akaolewa na mwanaume mwingine, mtu mkali, ambaye hakumruhusu mtoto kula mezani pamoja na wakubwa. Alikula jikoni na mfanyakazi wa nyumba. Alipenda nyama tangu utoto, lakini nyumbani hakuruhusiwa kufuga zaidi ya samaki mmoja mdogo.

Alipokua alitaka kuwa mganga wa nyama. Akaingia masomo hayo, lakini fizikia na kemia zikamshinda, akayaacha. Kiisha akasomea kazi ya kusaidia walemavu kurudisha nguvu na ufundi wa mikono, akapata diploma mwaka 1954. Kwa miaka akafanya kazi katika hospitali ya watoto walemavu mjini Louisville. Watoto wale, wengine walikuwa wamejifunga ndani ya nafsi zao, hawasemi, wanaogopa watu. Mwenyewe alitambua baadaye kwamba kazi ile ilimsaidia. Huwezi kumkimbilia mtoto anayeogopa. Unakaa pembeni, unangoja mpaka yeye mwenyewe akubali uwepo wako.

Mwaka 1963 alikopa pesa, pesa nyingi kwa mtu wa mshahara mdogo, akaja Afrika kwa wiki saba. Huko Olduvai, Tanganyika, alikutana na Louis Leakey, mzee aliyekuwa akichimba mifupa ya watu wa kale. Alimwonyesha jambo moja la aibu tu: aliteleza, akavunja kifundo cha mguu nusu, akatapika juu ya mfupa wa kale. Hata vile, wiki mbili baadaye, na mguu ukiwa bado unauma, alipanda mpaka Kabara, uwanda wa majani chini ya Mikeno. Pale ndipo alipoona magorila mara ya kwanza.

Kabara, 1967

Leakey alikuwa na wazo lake. Mwaka 1960 alikuwa amemtuma msichana Mwingereza, Jane Goodall, kukaa na sokwe wa Gombe, kando ya ziwa Tanganyika. Sasa alitafuta mtu wa kukaa na magorila, siyo kwa wiki chache bali kwa miaka. Mwaka 1966 alipita Louisville, akaonana tena na Fossey, akampa kazi. Hakuwa na shahada ya mambo ya nyama. Leakey hakujali. Alitaka mtu mwenye uvumilivu.

Mwanzoni mwa 1967 Fossey alipiga hema Kabara. Aliyemtangulia pale alikuwa Mmarekani George Schaller, aliyekaa mwaka 1959 na 1960 akaandika kitabu cha kwanza cha maana juu ya gorila wa milimani. Kabla ya Schaller, vitabu vingi vilimwonyesha gorila kama shetani anayeua watu na kuiba wanawake. Schaller alimkuta anakula majani na kulala mchana.

Siku za mwanzo, Fossey alifuata nyayo kwa bidii sana, akiongoza njia. Mpiga picha Alan Root, aliyekuja kumsaidia kuanza, akamwacha aende kwanza, kiisha akamwonyesha kwamba anazifuata kinyume: anaelekea kule magorila walikotoka. Mtoto yeyote wa mwindaji wa Walikale angecheka.

Aliyemfundisha kusoma pori ni Mkongomani, mlinzi wa parki anayeitwa Sanwekwe. Mzee huyu alikuwa amemtumikia Schaller kabla yake. Alijua jani lililovunjwa asubuhi na lile lililovunjwa jana. Alijua mavi ya gorila kwa joto lake na kwa nzi walioko juu yake. Alijua kitanda cha majani ambacho kila gorila hutengeneza kila jioni, na kwa kuhesabu vitanda alijua familia ina watu wangapi. Sisi wa sendika tunakaza neno hili: elimu hii ambayo leo inasomwa katika vyuo vikuu imesimama juu ya macho na miguu ya wafanyakazi. Jina la Fossey linajulikana kila mahali. La Sanwekwe, ni nani kwenu aliyewahi kulisikia?

Kabara haikudumu. Mwezi wa saba 1967 mamluki wa Schramme waliasi, vita ikawaka Bukavu, na Kivu nzima ikaingia wasiwasi. Masoda walipanda mlimani wakamteremsha Fossey mpaka Rumangabo. Alizuiliwa kwa siku kadhaa, akatafuta njia ya ujanja, akavuka mpaka na gari lake hadi Kisoro, Uganda. Miezi sita na nusu ya kazi yake Kongo ikaishia hapo. Tarehe 24 mwezi wa tisa mwaka ule ule alifungua kambi mpya upande wa Rwanda, kati ya mlima Karisimbi na mlima Visoke. Akachanganya majina ya milima miwili, akaiita Karisoke. Alikaa pale karibu miaka 18.

Kujifanya mdogo

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Kuchunguza tabia za nyama ni nini? Si kumfungia katika nyumba ya waya, si kumpiga risasi ili kupima mifupa yake. Ni kumtazama akiwa kwake, akifanya mambo yake, na kuandika kile ulichoona, siyo kile ulichotaka kuona.

Shida ya kwanza: gorila akiona mtu anakimbia, au dume anakuja mbio akipiga kelele. Fossey aligundua kwamba mtu akisimama wima, gorila anaona tishio. Basi akaacha kusimama. Alitembea kwa magoti na kwa ngumi za mikono kama wao. Alikaa chini mahali ambapo wanaweza kumwona, kwa sababu mtu anayejificha ndiye mwindaji. Alijikuna. Alivunja majani akajifanya anatafuna. Aliiga ile sauti nzito ya kooni ambayo gorila hutoa akiwa ameshiba na ana amani. Hakuwakazia macho. Hivyo siku kwa siku, mwezi kwa mwezi, katika mvua na baridi ya mita 3000.

Shida ya pili: utawajuaje mmoja mmoja? Akatazama pua. Mikunjo iliyo juu ya pua ya gorila haifanani na ya mwingine, kama vile alama za vidole vyetu. Alichora kila pua kwenye daftari na kumpa kila mmoja jina. Jioni, katika kibanda cha mabati, aliandika: nani alikula nini, nani alimsafisha nani, nani aligombana, nani alizaa.

Mwaka 1970, dume kijana aliyemwita Peanuts alinyoosha mkono akagusa vidole vyake. Ilikuwa miaka mitatu tangu aanze. Miaka mitatu ya kungoja kwa ajili ya kuguswa mara moja. Nani katika sisi ana uvumilivu huo? Lakini tunao, ndugu. Mchimbaji anayekata mwamba miezi mizima kabla ya kuona jiwe la kwanza anaelewa vizuri kazi hii.

Maswali manne

Fossey alienda pia Cambridge, Uingereza, akapata udaktari chini ya profesa Robert Hinde, yule yule aliyemfundisha Jane Goodall. Elimu hii ilikuwa bado changa. Mwaka 1973 Tuzo ya Nobel ilipewa watu watatu walioijenga: Karl von Frisch aliyechunguza nyuki, Konrad Lorenz aliyechunguza mabata, na Niko Tinbergen aliyechunguza ndege wa baharini na samaki. Tinbergen alifundisha kwamba kila tabia ya nyama ina maswali manne, na swali moja haliondoi lingine.

Tuchukue mfano tunaoujua: gorila dume anapiga kifua. Swali la kwanza: kitu gani kimemfanya apige sasa hivi? Labda ameona dume mgeni, labda ametishwa. La pili: tabia hiyo inakuaje katika maisha yake? Hata mtoto mdogo anajipiga kifua akicheza, na kadiri anavyokua sauti inabadilika. La tatu: inamsaidia nini kuishi na kuzaa? Mwaka 2021 wachunguzi waliofanya kazi na magorila wa Karisoke walionyesha kwamba dume mkubwa wa mwili anatoa sauti nzito zaidi. Kwa hiyo anayesikia kutoka mbali anajua ukubwa wa yule anayepiga, na anaweza kuamua kuondoka bila vita. La nne: tabia hiyo imetoka wapi, wazazi wa wazazi wake walikuwa nayo, na ndugu zao wa karibu wanayo? Sokwe naye anapiga ngoma kwenye mizizi ya miti.

Kumbe kupiga kifua siyo wazimu wala hasira tupu. Ni neno. Mara nyingi linamaanisha: mimi niko hapa, tusipigane.

Fossey na wenzake waliona mambo mengine. Familia inaongozwa na dume mwenye mgongo mweupe, na yeye ndiye anayeamua wapi watakula na wapi watalala. Jike akikomaa anaweza kuhama familia na kwenda kwa dume mwingine. Dume mgeni akiingia anaweza kuua mtoto mchanga ambaye si wake, jambo lililomuumiza sana Fossey, lakini aliliandika kama alivyoliona. Na jike anazaa mtoto mmoja tu, kiisha anangoja karibu miaka minne kabla ya mwingine. Hesabu hii muishike. Mbuzi unachinja leo, mwaka ujao kundi limejaa. Gorila akiuawa, pengo lake linachukua miaka mingi kuzibwa.

Digit

Kati ya wote, Fossey alimpenda dume mmoja aliyemwita Digit, kwa sababu kidole chake kimoja kilikuwa na kilema. Alimjua tangu angali mdogo. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 1977 wawindaji waliikuta familia ya Digit. Digit alibaki nyuma, akapigana nao na mbwa wao mpaka wenzake wote wakapata nafasi ya kukimbia. Alikufa kwa mikuki. Walikata kichwa na mikono. Mwaka uliofuata Fossey alianzisha mfuko kwa jina la Digit ili kulipa watu wa kuwalinda magorila. Mfuko huo baadaye ulichukua jina lake mwenyewe.

Tangu hapo alibadilika. Alikuwa amekwisha kuanza kukata mitego na kufukuza ng'ombe ndani ya parki. Sasa ikawa vita. Walioandika maisha yake wanaeleza kwamba wawindaji waliokamatwa walifungwa kamba na kuchapwa kwa majani ya upupu, na kwamba yeye alijifanya mchawi, akavaa sura za kutisha ili watu waogope. Alikosana na wakubwa wa parki, na wanafunzi wake, na hata waliompa pesa. Alikataa watalii.

Hapa sisi tunasimama kidogo. Mama huyu alijua kukaa chini mbele ya gorila, kujifanya mdogo, kungoja miaka mitatu ili aeleweke. Kwa watu wa mlima ule hakukaa chini. Aliona mtego, hakuuliza aliyetega analala njaa siku ngapi. Na wakati ule ule, wenye nguvu walikuwa wakila pori kwa kijiko kikubwa. Mwaka 1969 maelfu ya hekta za parki ya Rwanda yalikatwa ili kulima pareto ya kuuza Ulaya. Mwaka huo huo watoto wawili wa gorila walikamatwa ili wapelekwe katika bustani ya wanyama ya Köln, Ujerumani, na Fossey aliandika kwamba ili kuwapata watoto wale wawili, wakubwa 18 waliuawa. Mwindaji mwenye mkuki alionekana na kila mtu. Aliyeagiza hakuonekana.

Lakini tusimhukumu upande mmoja. Bila ukaidi wake, huenda leo hakuna gorila hata mmoja pale juu. Schaller alikadiria magorila 450 hivi katika milima ya Virunga mwaka 1960. Hesabu ya 1981 ilikuta karibu 250 tu. Mwaka 1983 alitoa kitabu chake, kikasomwa dunia nzima, na pesa na macho ya watu yakaelekea Virunga.

Usiku wa tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1985 aliuawa kwa panga ndani ya kibanda chake. Alikuwa na miaka 53. Mfanyakazi wake mmoja wa zamani alikamatwa, akafia gerezani kabla ya kesi. Mwanafunzi Mmarekani alihukumiwa na korti ya Rwanda akiwa amekwisha kurudi kwao, naye alikana siku zote. Mpaka leo jambo hilo halijafunguka. Amezikwa Karisoke, kando ya Digit, na kaburini wameandika jina ambalo watu wa huko walimpa: Nyiramachabelli.

Na sisi je?

Milima ya Virunga leo ina magorila zaidi ya 600, na ukiongeza wale wa Bwindi, Uganda, na Sarambwe upande wetu, wanapita 1000. Mwaka 2018 waliondolewa katika orodha ya walio karibu kabisa kuisha. Waliofanya hivyo ni wafuata nyayo na walinzi. Katika Virunga ya Kongo peke yake walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini tangu parki ianze mwaka 1925. Rumangabo, pale Fossey alipozuiliwa, leo kuna kituo cha watoto yatima wa gorila, wanaolelewa na Wakongomani.

Gorila wa kwetu, yule wa Grauer, njia yake imekuwa nyingine. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 17000. Hesabu ya 2016 ilisema 3800. Hesabu mpya zaidi, ya 2021, ilisema 6800. Hata ukichukua ile kubwa, zaidi ya nusu wamekwenda katika maisha ya mtu mmoja. Vita, bunduki nyingi na pori kukatwa vimefanya kazi hiyo. Na machimbo pia. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopanda, maelfu ya watu waliingia Kahuzi-Biega kuchimba, na chakula chao kikubwa kilikuwa nyama ya pori.

Katika Kiswahili chetu cha huku tunatumia neno moja, nyama, kwa kile kinachotembea porini na kwa kile kilicho kwenye sahani. Fossey anatufundisha kutenganisha maneno hayo mawili. Yule anayetembea ana familia, ana jina la pua yake, ana baba anayebaki nyuma ili wengine wakimbie.

Hatusemi mchimbaji ndiye adui. Mchimbaji anakula kinachofika shimoni. Mahali ambapo maharagwe yanabebwa mgongoni siku mbili, na samaki mkavu anauzwa bei ya dhahabu, mtego wa waya ndio duka lake. Waya huo umetegewa paa, lakini haujui kuchagua. Unakamata mkono wa gorila mdogo, mkono unaoza, naye anakufa. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwa wenye mashimo na wanunuzi: mkipanga gharama za kare, pangeni pia chakula cha watu, maharagwe, unga, samaki, mbuzi. Kwa ninyi wachimbaji wenzetu: waya usiingie porini, na yeyote anayeuza gorila, mzima au nyama, asipate mteja kwetu.

Tena iko kazi. Ule mfuko ulioanza na jina la Digit unafanya kazi leo hapa Walikale, huko Nkuba, ndani ya mapori ya wenye ardhi wenyewe, na watu wa vijiji vya huko ndio wanaofuata magorila na kuandika. Kijana wa Walikale anayejua pori ana ujuzi ambao Fossey aliukosa mwaka 1967. Tunachodai ni kwamba ujuzi huo ulipwe kama ujuzi, na jina la mfanyakazi liandikwe pamoja na jina la profesa.

Wazazi, wasomeeni watoto habari hii. Na siku mkisikia kifua kinapigwa ng'ambo ya mto, msikimbilie panga. Kaeni chini, rudini nyuma polepole, mwacheni apite na watu wake.